Simu Nyuma ya Jukwaa: Nani Akushikie?

Maneno haya niliyasema mbele ya viongozi na wasanii wa vikundi vya maigizo na ngoma kutoka Dodoma na Singida, tulipokutana hapa Dodoma mjini. Walioshindwa kufika waliomba maandishi. Nimeyaweka kama nilivyoyasema.

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wadogo zangu mliotoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino, na ninyi wa Manyoni na Singida mliopanda basi tangu alfajiri, poleni na safari.

Mlipofika mlangoni mlimkuta mama ameketi na kikapu cha ukindu, bahasha za kaki na daftari. Mkampa simu zenu. Wengine mlisita, niliwaona. Kijana mmoja aliiacha yake, akapiga hatua tatu, akageuka kuiangalia kama mtu anayemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza. Namwelewa kabisa. Na mama yule aliwauliza swali, mkajibu, akaandika jibu lenu kwenye daftari. Lishikeni swali hilo. Nitalirudia.

Mimi ni msimamizi wa jukwaa. Miaka 18 sasa kazi yangu ni kusimama gizani, pembeni, nikimwambia huyu "ingia", yule "subiri", fundi "zima taa". Nimesimama katika kumbi za shule, kumbi za parokia, viwanja vya vijiji, na juu ya trela la trekta. Kilichoniharibia maonyesho mengi kuliko mvua, kuliko umeme kukatika, kuliko maiki mbovu, ni simu. Na siyo simu ya mtazamaji. Ni simu yetu sisi, tulioko nyuma ya pazia.

Tumezoea kumlaumu mtazamaji, na si sisi peke yetu. Mwaka 2003 jiji la New York lilitunga sheria ya kumtoza dola 50 anayetumia simu wakati wa onyesho. Julai 2015, katika jiji hilo hilo, mwigizaji Patti LuPone alimnyang'anya mtazamaji simu mkononi, mchezo ukiwa unaendelea. Tukisikia habari hizo tunapiga makofi. Tunasema, safi sana, amemkomesha! Sasa niwaulize: yule aliyekaa kwenye kiti amelipa kiingilio. Sisi tuliokula kiingilio chake, tukiwa nyuma ya pazia na simu mkononi, nani anatunyang'anya?

Nianze na masikio.

Mwangalieni mama wa Kigogo kwenye ngoma ya Muheme. Ameibana ngoma mapajani, wenzake wako naye mstari mmoja. Upo wakati anapiga, na upo wakati anasubiri mwenzake aanzishe. Akiwa hapigi, anafanya nini? Anasikiliza. Kusubiri kwake ni sehemu ya kupiga. Mtoe masikio pale kwa pumzi moja tu, atakapoingia ataingia nje ya mdundo, na kila mwenye damu kijijini atajua.

Nyuma ya jukwaa ni jukwaa. Narudia, ndugu zangu: nyuma ya jukwaa ni jukwaa. Tofauti ni kwamba pale hawakuoni.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mchezo wa ugomvi wa shamba, tukaupeleka kijiji kimoja upande wa Mpwapwa. Binti alikuwa jukwaani peke yake, anamsubiri mzee wa baraza aje na karatasi ya uamuzi. Neno la kumwita mzee lilikuwa, "Basi na aje aliyeandika." Mwigizaji wa mzee alikuwa hodari, kati ya watu hodari niliowahi kufanya nao kazi, na alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye upenyo wa pazia. Simu ikaleta meseji. Ndugu yake alikuwa anamweleza habari ya malipo ya pikipiki. Akaanza kuisoma.

Binti akasema, "Basi na aje aliyeandika." Kimya. Akasema tena. Kimya. Mara ya tatu akalisema kwa namna nyingine, kama anaongea na marehemu baba yake. Kimya. Akaketi chini, akavuta ungo uliokuwa pale kama pambo, akaanza kuchambua mchele ambao haukuwemo. Mimi nilikuwa upande wa pili, sina njia ya kuvuka. Nikaangalia saa ya mkononi: sekunde 70. Mnajua sekunde 70 za jukwaani zilivyo? Kaeni kimya sasa hivi, nyote, mnitazame.

(Hapa nilinyamaza. Hatukufika hata sekunde 20, watu wakaanza kujigeuza kwenye viti.)

Mmeona? Na ninyi mna kiti na mna jirani. Yeye alikuwa na watu 400 na ungo mtupu.

Mzee akaingia. Maneno aliyasema yote sawasawa, hakukosea hata moja. Lakini yalikuwa maneno ya mtu anayefikiria pikipiki. Tulipomaliza, yule binti hakugomba. Alimwendea, akamuuliza kwa sauti ndogo: "Kaka, uliniacha na nani?" Kaka yule hakuwa na jibu. Swali hilo mimi nalibeba mpaka leo, kwa sababu linatuhusu sote tunaosimama pembeni. Mwenzako yuko kwenye mwanga. Umemwacha na nani?

Na msidhani tatizo ni kuchelewa kuingia tu. Anayeingia kwa wakati lakini ametoka kusoma ujumbe wa deni, wa mapenzi, wa timu yake kufungwa, anaingia nao. Uso wake unao. Mtazamaji hajui ni nini, ila anaona kuna mtu wa tatu jukwaani ambaye hakuandikwa kwenye mchezo.

Sasa mwanga. Mapazia yetu mnayajua. Hatuna velveti nene. Tuna shuka jeupe, tuna turubai, tuna vitenge vilivyoungwa. Mtu akiwasha simu nyuma ya shuka jeupe, yeye mwenyewe anageuka kuwa sinema. Tulikuwa na onyesho la mama aliyefiwa na mume. Jukwaa zima giza, taa moja usoni pake, analia kilio cha kimya. Nyuma yake, juu ya shuka, kikatokea kivuli cha mtu mkubwa kama mbuyu, ameinama, kidole gumba kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Watoto wa mbele wakaanza kunyoosha vidole. Kilio cha mama yule kikafia hapo.

Na mwanga huo unamuumiza hata mwenye simu. Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Ukikodolea kioo cheupe kwa muda mfupi tu, umelirudisha nyuma, halafu unatakiwa kushuka ngazi za mbao zisizo na kingo. Tumeshawahi kumbeba dada aliyeteguka kifundo hivyo hivyo, na mchezo ulikuwa bado na sehemu mbili. Kumbi kubwa huweka taa hafifu za buluu huko nyuma ili watu waone bila kuonekana. Mimi nina tochi moja ndogo niliyoifunga kipande cha kaniki. Inatosha. Anayetaka kuona njia aniite mimi.

Kuna na jambo la mawimbi, nalo niliseme taratibu, maana vijana wengi wanadhani simu ikiwa kimya basi imenyamaza. Mnaujua ule mlio wa redio kabla simu haijaita? Titititi, titititi, trrrr. Mnaujua! Ule unatoka kwenye simu za mtandao wa 2G, na vitochi vyetu, zile simu ndogo za vitufe, vingi bado vinatumia mtandao huo. Simu ya namna hiyo hairushi mawimbi mfululizo kama maji ya bomba. Inayarusha kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na waya wa maiki ulio karibu, au spika, unavidaka vile vipande na kuvigeuza kuwa ngurumo. Hakuna aliyepiga. Hakuna aliyetuma. Simu inajitambulisha tu kwenye mnara, kama inavyofanya kila mara. Tena kadiri mnara ulivyo mbali, ndivyo simu inavyoongeza nguvu ili ifike. Sasa fikirieni vijiji vyetu ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu! Huko ndiko kitochi kilichosahaulika kwenye mfuko wa kanzu, sentimita chache kutoka kwenye maiki, kinapiga kelele kuliko mwigizaji.

Kwa hiyo kuweka kimya hakutoshi. Kuweka kwenye mtetemo ni vibaya zaidi, hasa juu ya meza ya mbao. Ama izimwe, ama iwe mbali.

Mtaniambia, "Dada, muziki wetu tunaupiga kutoka kwenye simu." Najua. Hata mimi. Kundi ambalo halina kompyuta linachomeka simu kwenye mixa na linapata mvua, jogoo, risasi na harusi kwa waya mmoja. Simu hiyo siipigi vita, ni ala kama zeze lilivyo ala. Lakini nani anakwenda kuchezea zeze la mwenzake katikati ya ngoma? Simu ya muziki isiwe na laini. Kama ina laini, iwekwe hali ya ndege, na mtandao wa waifai uzimwe. Kisha, na hapa ndipo wengi tunaposahau, fungueni saa ya simu mkague kengele zote. Kengele ya kuamsha haihitaji mtandao. Hali ya ndege haiizuii. Fundi wetu mmoja alikuwa ameweka kengele ya saa mbili usiku ya kumkumbusha kumeza dawa, jambo la busara kabisa kwa afya yake. Saa mbili kamili, bibi harusi anaapa jukwaani, spika mbili kubwa zikapiga king'ora. Siku hizi kabla ya mchezo tunafungua simu ya muziki watu wawili, mmoja anakagua, mwingine anatazama anayekagua.

Picha nitazipitia haraka kwa sababu hazina mjadala. Chumba cha kubadilishia nguo si mahali pa kamera. Nukta. Mwenzetu mmoja alipigwa picha akiwa amevaa vazi la mchezo nusu, ikawekwa kwenye stetasi "kwa utani", ikafika kwa baba yake kabla hatujafungua pazia. Hakurudi tena kwenye kundi, na alikuwa na sauti ambayo sijaipata kwa mwingine. Nchi yetu tangu mwaka 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini nasema hivi: hata kama sheria isingekuwepo, anayevua nguo mbele yako amekuamini. Na watoto walioko kwenye vikundi vyenu wasipigwe picha bila mzazi kujua, wakiwa wamevaa au hawajavaa.

Sasa nifike nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Kwa miaka mingi nililishughulikia jambo hili kwa ukali. Nilibandika karatasi: SIMU MARUFUKU, FAINI SHILINGI 5,000. Nikipata mtu, namtoza. Je, simu zilikwisha? Hazikwisha. Zilihamia kwenye soksi, kwenye sidiria, ndani ya ngoma. Nami nikazidi kuwa mkali.

Usiku mmoja tulikuwa na onyesho hapa hapa mjini. Mama mmoja wa kundi letu alicheza bibi anayemlilia mjukuu. Katikati ya kilio, maiki aliyofungwa kifuani ikadaka mtetemo kutoka kiunoni: vrrr, vrrr, vrrr. Alikuwa ameificha simu kwenye kibwebwe. Alipotoka jukwaani nilimngoja na kitabu cha faini. Nikamtoza. Alitoa noti ya elfu tano bila neno, akaenda kujifuta rangi usoni.

Siku ya pili yake ndipo nikaambiwa na mtu mwingine. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na homa, amemwacha na bibi yake mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, na wiki iliyotangulia alishapata degedege. Ule mtetemo ulikuwa wa nyumbani. Walikuwa wakimwambia homa imeshuka. Yule mama alikuwa akilia jukwaani kilio cha bibi, huku kiunoni kuna kitu kinatetemeka na hajui kama ni habari ya uhai au ya kifo, na mimi nikamngoja na kitabu cha faini.

Nilikwenda kwake na ile noti, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Mtoto yupo, sasa yuko darasa la tatu. Ila tangu siku ile niliacha kuuliza, "Kwa nini mnaficha simu?" Nilianza kuuliza, "Mnaogopa nini kitatokea mkiiacha?" Na majibu yalikuja mengi! Mama mgonjwa. Mke mjamzito. Bosi wa kazi ya mchana. Mtoto anayerudi shule jioni peke yake. Ng'ombe aliyepotea. Hakuna hata mmoja aliyesema "napenda kuchezea simu". Wapo wanaopenda, sikatai, lakini hao ukiwaambia waweke, wanaweka. Anayeficha ni yule mwenye hofu. Na hofu huwezi kuitoza faini ikaisha. Hofu inatafutiwa mtu wa kuishika.

Ndiyo maana ya kikapu. Kikapu si gereza la simu. Katika kundi letu mtu mmoja haigizi usiku huo. Anakaa nje, kwenye meza ya tiketi, mbali na waya wa maiki. Simu zinakaa kwake kila moja ndani ya bahasha yenye jina, zikiwa zimewashwa na zina sauti, kwa kuwa huko nje hazimsumbui mtu. Kila familia ina pia namba ya huyo mtunza kikapu. Simu ikiita mara moja ikakata, huyo anabipu, anaachwa. Ikiita mara mbili mfululizo kutoka kwa mtu ambaye mwenye simu alimtaja, mtunza kikapu anapokea, anajitambulisha, anasikiliza.

Na kila anayeweka simu anaulizwa swali lile mliloulizwa leo mlangoni. Ikija habari nzito, nikuambie lini? Hapo hapo, hata kama uko jukwaani? Ukitoka jukwaani? Au mchezo ukiisha? Hatumchagulii mtu. Anachagua mwenyewe, linaandikwa, na usiku mwingine anaweza kubadilisha. Yule mama wa Kikuyu kwa miezi mingi alijibu "hapo hapo", nasi tulikuwa na mwigizaji mwingine aliyeyajua maneno yake, amekaa tayari. Hatukuwahi kumtumia. Lakini simu haikurudi tena kwenye kibwebwe.

Tulikuwa na mzee mpiga ngoma, ambaye kaka yake alikuwa amelazwa kwa muda mrefu. Yeye jibu lake lilikuwa "mwisho". Kila usiku, "mwisho". Usiku mmoja, sehemu ya pili ya mchezo, mtunza kikapu alikuja kwangu gizani, akanishika mkono, akanyanyua daftari karibu na tochi ya kaniki, akaniwekea kidole kwenye jina. Sikuhitaji kuuliza. Zilibaki dakika 40. Kwa dakika 40 nilimtazama mzee akipiga ngoma, mimi najua, yeye hajui. Mtasema, mliwezaje kumficha mtu msiba? Nami usiku ule nilijiuliza hivyo hivyo, na mkono ulikuwa unatetemeka. Lakini hatukumficha. Yeye ndiye aliyetuambia tumshikie, na tulimshikia. Pazia lilipofungwa mtunza kikapu alimketisha, akamwambia. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mliwajibu nini nyumbani?" Akajibiwa, "Tuliwaambia unakuja usiku huu." Gari lilikuwa limeshapatikana, nauli imeshachangwa, begi lake limeshafungwa. Alikwenda kulichukua, akaipangusa ngoma yake kwanza kama alivyofanya siku zote, akaondoka.

Mambo machache ya utendaji, kwa wale watakaotaka kujaribu. Simu tunazikusanya kwenye wito wa nusu saa, yaani pale waigizaji wanapoambiwa kuwa imebaki nusu saa wawe mahali pao. Uingereza wito huo hutolewa dakika 35 kabla ya pazia, kwa sababu wanahesabu kurudi nyuma kutoka dakika ambayo waigizaji wa kwanza wanatakiwa wawe mahali pao, yaani dakika tano kabla. Nimeupenda utaratibu huo, nasi tunahesabu hivyo. Wa kwanza kuweka simu ni mwongozaji, na anaiweka mbele ya wote. Wazee wangu mnaoongoza vikundi, mkibaki na zenu mfukoni, kikapu kitakufa wiki ya kwanza. Wanaobaki na simu ni anayepokea malipo mlangoni, kwa sababu watu wanalipa kwa simu, na dereva. Fundi ana ile ya muziki. Mimi nina saa ya mkononi na ile tochi. Kuitana kwa kundi la WhatsApp mchezo ukiwa unaendelea tumekuacha. Anayehitajika anafuatwa kwa miguu na kuguswa bega. Kuna wakati hilo linachosha, hasa ukumbi ukiwa mrefu, na bado nimelichagua.

Nilitaka sasa tuingie kwenye maswali, ila naona mama wa kikapu ameingia na daftari. Anapita kati ya viti. Naomba mumpishe. Asiulizwe anakwenda kwa nani, na tusigeuke kutazama.

(Aliinama kwa mwenzetu mmoja aliyeketi mstari wa nne, wakatoka pamoja. Tulisubiri bila kuongea. Baada ya dakika kumi hivi mwenzetu alirudi, akaninyooshea mkono kwamba ni shwari, akaketi, na mtu wa kwanza akasimama kuuliza swali.)